Je, wajua kwa nini kitenge kilichokaa kabatini miaka mingi bado hurudi, yaani hupungua ukubwa, kikifuliwa?

Miongoni mwetu tunaoshona zawadi kutokana na vitambaa tulivyojiwekea, ipo imani ambayo mimi mwenyewe niliishika kwa muda mrefu bila kuihoji: kwamba kitambaa kilichokaa sandukuni kwa miaka kimekwisha kutulia, na kwa hiyo hakina haja ya kurowekwa kabla ya kukatwa. Kwa kuiamini, nilimshonea wifi yangu koti la viraka vya vitenge vitatu na kanga moja, vyote vikiwa na umri wa kutosha kuanza shule, nikalitia bitana ya poliesta na kulikabidhi kwa fahari. Baada ya kufuliwa mara moja, mgongo ulikunjamana, mikono ikapanda juu ya vifundo, na bitana ikaanza kuchungulia chini ya pindo. Wifi, ambaye ni mtu wa adabu, aliniuliza kama huo ndio mtindo wa sasa.

Kosa langu lilikuwa na sehemu mbili. Ya kwanza ni kudhani kwamba umri wa kitambaa una uzito wowote katika jambo hili. Ya pili, iliyo ya ndani zaidi, ni kudhani kwamba pamba hurudi, au huruka kama wasemavyo wengine, kwa sababu nyuzinyuzi zake hunywea majini jinsi mchicha unavyonywea sufuriani. Ukweli ni kinyume kabisa. Unyuzi wa pamba ukilowa hauwi mfupi, bali huvimba: kipenyo chake huongezeka kwa takriban asilimia 20, ilhali urefu wake haubadiliki ila kidogo mno. Tena pamba iliyolowa huwa na nguvu zaidi ya kuhimili mvuto kuliko pamba kavu, jambo ambalo wafuaji wa nguo mtoni wamefaidika nalo bila kuambiwa. Kwa hiyo swali linageuka kuwa la ajabu zaidi kuliko lilivyoanza: kitu ambacho kila sehemu yake imenenepa kinawezaje kuwa kidogo?

Jibu limo katika ufumaji. Kanga, kitenge na merikani (kitambaa kilichopata jina lake kwa sababu katika karne ya 19 kililetwa pwani yetu kutoka Marekani) vyote hufumwa kwa njia iliyo sahili kupita zote: kila uzi wa mshindio, yaani ule unaokwenda upande hadi upande, hupita juu ya uzi mmoja wa mtande na chini ya unaofuata, na mtande nao hufanya vivyo hivyo kwa mshindio. Mtande ndio unaokwenda kwa urefu wa jora, na ndio unaoteswa zaidi. Hukazwa kwenye mtambo ili ufumike, kisha kitambaa kizima huvutwa kwa urefu kikipita katika rola za kuoshea, kupaka rangi na kukaushia, na mara nyingi hupakwa wanga ili kifike dukani kikiwa kimenyooka na kigumu. Ugumu huo tunaousifu kwa kusema kitambaa ni kizito huweza kuwa, kwa sehemu nzuri, wanga tu.

Sasa mfikirie mtu anayejifunga kanga kiunoni asubuhi akiwa na njaa. Ncha moja hupita juu ya nyingine kwa kiasi cha viganja viwili au vitatu. Akijifunga kanga ileile baada ya pilau ya harusi, ncha hizo hupitana kidogo tu, naye huenda akalalamika kwamba kanga imekuwa fupi. Haikuwa fupi, mzunguko ndio uliokuwa mrefu. Kila uzi wa mtande umo katika hali hiyo, isipokuwa kwamba haukizunguki kiuno kimoja bali hupinda juu na chini ya mamia ya viuno, na viuno hivyo ni nyuzi za mshindio ambazo zimeshiba maji kwa wakati mmoja.

Mfano huo una upungufu wake, kwa kuwa kiuno ni kimoja na nyuzi ni nyingi, kwa hiyo tuuongezee mwingine. Simika vigingi kumi vyembamba kama fimbo katika mstari, kisha upitishe kamba mbele ya cha kwanza, nyuma ya cha pili, mbele ya cha tatu, hadi mwisho, na uache ncha za kamba zikining'inia huru pande zote mbili. Badilisha vigingi hivyo kwa magogo manene kama paja la mtu mzima. Kamba italazimika kupinda zaidi kila inapolikwepa gogo, na urefu wa kupindia huko hautoki popote isipokuwa kwenye zile ncha, ambazo zitavutwa kuingia ndani. Mtu akiipima kamba baada ya kuifungua ataikuta na urefu uleule. Akipima nafasi kutoka ncha hadi ncha wakati imefumwa, ataapa kwamba imepungua. Kitambaa tunachokipima kwa futi ya fundi ni hiyo nafasi, si kamba.

Hapa huzuka pingamizi la haki: kitambaa kikikauka na nyuzi kurudia wembamba wake, mbona hakinyooki tena? Sababu ni kwamba hakuna kinachokivuta. Maji yalipoingia yalilegeza vifungo vidogo vya haidrojeni vilivyokuwa vikiushikilia unyuzi katika umbo uliolazimishwa kuwa nalo kiwandani. Maji yanapotoka, vifungo vipya hufungwa katika umbo lililopo wakati huo, yaani lile lililopinda. Msuguano kati ya uzi na uzi hukamilisha kazi. Ndiyo maana anayepiga pasi kitambaa chenye unyevu huku akikivuta huweza kurudisha sehemu ya urefu uliopotea, na ndiyo maana urefu huo huo hutoweka tena nguo ikifuliwa.

Kwa mtazamo huo, hoja ya kutulia sandukuni inakosa mguu wa kusimamia. Kinachohitajika si muda bali maji pamoja na mtikisiko. Kitambaa kikavu kilichokunjwa hushikiliwa na vifungo vilevile, msuguano uleule na wanga uleule, na miaka haina mikono ya kuvifungua. Niongeze tahadhari moja ili nisiwaonee walionifundisha imani hii: pamba hunyonya unyevu wa hewani, na katika miji kama Tanga au Mombasa hewa haina uchoyo wa unyevu, kwa hiyo kitambaa kinaweza kulegea kwa kiasi fulani hata kikiwa kabatini. Lakini unyevu wa hewa haufanyi kazi ya beseni la maji, na wanga haufuliki kwa mvuke wa bahari. Wala macho hayawezi kukisia kiasi kitakachorudi; doti mbili zilizonunuliwa siku moja zinaweza kutofautiana, kwa kuwa kila moja ilivutwa kwa namna yake kiwandani.

Vipo vitambaa visivyofuata simulizi hii. Poliesta hainyonyi maji ya kutosha kuvimba, kwa hiyo maji pekee hayaisumbui; joto kali ndilo linaloifinya. Sufu ina magamba yanayoelekea upande mmoja, na ikisuguliwa katika maji ya moto nyuzinyuzi zake hushikamana zisiachane, ambacho ni kisa kingine kabisa. Na kuna pamba iliyorudishwa kiwandani kwa makusudi: Sanford Cluett, wa kampuni ya kola na mashati iliyokuwa Troy, New York, aligundua njia ya kukibana kitambaa kwa urefu wake kwa kukipitisha juu ya ukanda mnene unaovutika na kujirudi, akapewa hataza mwaka 1930. Kitambaa kilichopitia njia hiyo hutazamiwa kisirudi kwa zaidi ya asilimia 1. Alichofanya, kwa kweli, ni kuipatia jora ile kanuni ya pilau kabla haijafika dukani.

Anayeshona kwa viraka ana tatizo la ziada, nami nadhani halizungumzwi vya kutosha. Kwa kuwa mtande ndio uliovutwa zaidi, kwa kawaida kitambaa hurudi kwa urefu kuliko kwa upana. Kipande kilichokatwa kwa kufuata urefu kikiunganishwa na kingine kilichogeuzwa upande ili maua yake yapendeze, mshono mmoja unapewa amri mbili, na matokeo yake ni yale mawimbi ambayo wifi aliyastahi kwa kuyaita mtindo. Changanya hapo kanga iliyofuliwa mara mia na kitenge ambacho hakijawahi kuona maji, uweke na bitana ya poliesta chini yake, na utakuwa umeshona ugomvi.

Dawa yake ni ya kawaida mno. Kila kipande kifuliwe kabla ya kukatwa, kwa namna ileile ambayo zawadi itafuliwa na mpokeaji wake. Anayemshonea ndugu aliyeko Toronto au London akumbuke kwamba mashine ya kukaushia hurusha nguo huku na huku, na mtikisiko huo huushinda msuguano kuliko kamba ya kuanikia, kwa hiyo kuroweka mara moja huenda kusitoshe. Anayetaka kujua kiasi achore mraba wa sentimita 50 kwa kalamu isiyofutika, afue, kisha apime: ikiwa 50 zimekuwa 48, kitambaa kimerudi kwa asilimia 4, na gauni la sentimita 120 litapoteza karibu sentimita 5, kiasi cha kutosha kugeuza heshima kuwa mjadala. Chumvi ambayo wengi huitia katika maji ya kwanza haihusiki na kurudi hata kidogo. Hutiwa kwa ajili ya rangi, na hata huko sifa yake ni kubwa kuliko kazi yake. Asiyejua kama kitenge chake ni cha pamba achomoe nyuzi chache na kuziunguza juu ya sahani: pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu laini, poliesta huyeyuka na kuacha shanga ngumu.

Koti la wifi sikulitupa. Nilifumua bitana yote, nikalifua tena lenyewe mara mbili hadi vipimo vyake vikaacha kubadilika, nikakata bitana upya kwa kufuata vipimo hivyo, na mikono nikairefusha kwa pindo la kanga nyingine kutoka kabati lilelile, baada ya kuilaza pindo hiyo ndani ya ndoo ya maji usiku kucha.