Arshavin: namba 10 aliyewekwa winga

Mashabiki wa Arsenal wakimtaja Andrey Arshavin hawavuki mambo mawili: mabao manne ya Anfield, uwanja wa Liverpool, na uvivu. La Anfield halina ubishi. Hili la uvivu nalipinga, angalau nusu yake, kwa sababu ukirudia mechi zake za Zenit, klabu yake ya Urusi, na za timu ya taifa ya Urusi unamkuta mchezaji yuleyule, asiyerudi kukaba vilevile, na hakuna anayelalamika.

Pale Zenit, kocha Dick Advocaat alikuwa na viungo watatu wa kazi ngumu: Tymoshchuk, Denisov na Zyryanov. Arshavin aliorodheshwa kama mshambuliaji wa pembeni, lakini mpira ukianza alizurura atakako. Zenit wakipoteza mpira, wale watatu walifunga njia, yeye akabaki juu, kwenye nafasi kati ya mabeki na viungo wa wapinzani, yaani nafasi ya namba 10. Mpira ukinaswa, pasi ya kwanza ilimtafuta yeye. Fainali ya Kombe la UEFA ya 2008 dhidi ya Rangers ilifunguliwa hivyo: dakika ya 72 Denisov alimpa mpira akaendelea kukimbia, Arshavin akamrudishia kwa pasi ya kupenyeza, bao. Zenit walishinda 2-0.

Mwezi uliofuata, kwenye Euro 2008, kocha wa Urusi, Guus Hiddink, alimtumia kwa namna hiyohiyo. Arshavin alikosa mechi mbili za mwanzo kwa kadi nyekundu aliyopewa dhidi ya Andorra, akarudi kuwafunga Sweden, kisha ikaja robo fainali na Uholanzi mjini Basel. Mechi ilikuwa 1-1 hadi muda wa nyongeza. Dakika ya 112 krosi yake kutoka kushoto ilimkuta Torbinski langoni. Dakika ya 116 Anyukov, mwenzake wa Zenit, alirusha mpira haraka kabla Waholanzi hawajajipanga, na Arshavin alishaanza kukimbia. Shuti likapita katikati ya miguu ya kipa Van der Sar. Bao hilo lilitokana na mazoea ya watu wa klabu moja.

Arsenal walimchukua Februari 2009, dirisha la usajili likiwa linafungwa. Hapa kuna jambo ambalo wengi hulisahau. Ligi ya Urusi wakati huo ilichezwa kuanzia Machi hadi Novemba, hivyo alifika akitoka mapumziko ya baridi. Tena hakuruhusiwa kucheza Ligi ya Mabingwa, kwa kuwa alishaichezea Zenit kwenye mashindano hayo msimu huo. Tarehe 21 Aprili, siku ya Anfield, wenzake walikuwa wamechoshwa na msimu mrefu. Yeye alikuwa na miezi miwili tu tangu mechi yake ya kwanza. Alifunga dakika za 36, 67, 70 na 90. La nne ndilo la kulitazama kwa makini: Liverpool wamejaa mbele kwenye kona, Walcott anachomoka na mpira, Arshavin yuko kushoto bila mtu. Ilikwisha 4-4.

Msimu uliofuata kocha wa Arsenal, Arsene Wenger, aligeukia 4-3-3 (mabeki wanne, viungo watatu, washambuliaji watatu), na katikati palikuwa pa Fabregas. Arshavin akawa winga wa kushoto. Mshambuliaji Van Persie alipoumia Novemba 2009, akawekwa hata mshambuliaji wa kati peke yake, mtu wa sentimita 172 akigombea mipira mirefu na mabeki wa England!

Winga wa mfumo huo ana deni: beki wa kulia wa wapinzani akipanda, lazima arudi naye. Asiporudi, beki wa kushoto (Clichy au Gibbs) anakuta watu wawili, beki huyo na winga wao. Akimfuata mwenye mpira, yule mwingine anapita nje na kupiga krosi. Akisubiri, winga wa wapinzani anaingia ndani. Kiungo wa kati analazimika kusogea kumsaidia, na hapo shimo linafunguka mbele ya mabeki wa kati. Bao likifungwa, kamera inamwonyesha kiungo huyo, wakati kosa lilianza sekunde sita kabla. Na Arshavin akirudi kweli kukaba, kasi yake ya mita chache, iliyokuwa silaha yake kubwa, inaishia kwenye nusu ya Arsenal.

Ukitaka kumpima, simamisha video kila Arsenal wanapopoteza mpira, umtafute yeye na beki wa kulia wa wapinzani. Usiangalie mpira.

Makali hayakuisha ghafla: Februari 2011 alitoka benchi akawafunga Barcelona bao la ushindi, 2-1, baada ya mbio na pasi ya Nasri. Lakini Januari 2012, alipoingizwa badala ya Oxlade-Chamberlain dhidi ya Manchester United, uwanja wa nyumbani ulizomea mabadiliko hayo. Mwezi uliofuata alirudi Zenit kwa mkopo, na mwaka 2013 akahamia huko moja kwa moja. Alimalizia soka lake Kairat ya Almaty, Kazakhstan.