Je, wajua kwa nini wanaanga wanaelea? Sio kwamba mvutano umeisha

Miaka mingi watoto wa mtaani kwetu hapa Mikindani wakiniuliza mbona wanaanga wanaelea, nilikuwa nawajibu huko juu hakuna mvutano wa dunia. Nilikosea kabisa, na jibu hilo bado naliona kila mahali, kwa hiyo tulinyooshe. Kituo cha Kimataifa cha Anga, wanakoishi hao wanaanga, kiko kama kilomita 400 tu juu yetu, basi la Mtwara likitembea kilomita 400 hata Dar halijafika! Hapo mvutano bado upo karibu asilimia 90 ya huu wa chini, na mwezi wenyewe uko kilomita 384,000 na dunia bado imeushika, sasa hao wa kilomita 400 wachomoke vipi?

Wanaelea kwa sababu wanaanguka. Muda wote.

Chukua chupa ya maji ya lita moja na nusu, itoboe kwa msumari karibu na kitako, ijaze, usiweke kizibo. Maji yanachuruzika. Sasa mtu apande kwenye mwembe aiachie, we rekodi kwa simu halafu rudisha taratibu: chupa ikiwa hewani tundu halitoi maji, maana chupa na maji vinashuka pamoja kwa mwendo mmoja, hakuna kinachomgandamiza mwenzake. Mwanaanga ndo yale maji, kituo ndo ile chupa.

Ila mbona hawafiki chini? Simama Newala pale uwanda wa Makonde unapokatika na bonde la Ruvuma liko kule chini, rusha bibo. Linaanguka karibu. Ongeza nguvu, linafika mbali zaidi. Mwanasayansi Isaac Newton aliwaza hivyo hivyo kwa mzinga wa vita unaofyatuliwa juu ya mlima: kasi ikitosha, kitu kinaanguka lakini dunia nayo ni duara inapinda chini yake, basi hakigusi ardhi. Kituo kinakwenda kama kilomita 28,000 kwa saa, kila sekunde kinashuka mita 4 na kitu na dunia inapinda kiasi hicho hicho, kwa dakika kama 90 kimeshaizunguka yote. Hewa kidogo sana bado ipo kule na inakipunguza kasi, ndo maana mara kwa mara kinasukumwa juu tena.

Kinapita na huku kwetu, baada ya magharibi au alfajiri, kama nyota kali inayotembea bila kupepesa. Juzi tumekiona tukiwa ufukweni na mtoto wa darasa la nne akauliza, hivi walio ndani wanajua kama wanaanguka? Akili inajua, nikamwambia, ila masikioni ndo kuna kiungo cha kutunza mizani na chenyewe kinachanganyikiwa, wengi wao siku za mwanzo wanashikwa na kichefuchefu.