Sarafu za fedha na sarafu za mapambo: thamani yake hutoka wapi?

Sarafu ya fedha hubeba thamani tatu kwa pamoja, na wanaozichanganya ndio wanaoumia sokoni. Kuna thamani iliyoandikwa juu yake. Kuna thamani ya madini, yaani kiasi ambacho kingepatikana kama ingeyeyushwa leo. Halafu kuna ile ambayo mkusanyaji yuko radhi kuilipa ili aipate sarafu hiyo hasa.

Ile ya kwanza unaweza kuisahau mara nyingi. American Silver Eagle, iliyoanza kutolewa mwaka 1986, imeandikwa dola 1, lakini ndani yake mna aunsi nzima ya fedha safi, gramu 31.1. Hakuna anayeitoa mfukoni kulipia kitu cha dola moja.

Thamani ya madini ni hesabu tu. Dola ya Morgan ya Marekani ina uzito wa gramu 26.73, asilimia 90 ni fedha, iliyobaki ni shaba. Kwa hiyo fedha safi ni kama gramu 24. Zidisha kwa bei ya gramu ya siku hiyo, umemaliza.

Thamani ya tatu ndiyo yenye mambo. Mwaka 1921 dola za Morgan zaidi ya milioni 44 zilitengenezwa Philadelphia. Mwaka 1893, kiwanda cha San Francisco kilitengeneza 100,000 tu. Fedha iliyomo ni ileile, picha ni ileile, lakini ya 1893 huuzwa kwa maelfu ya dola hata ikiwa imechakaa, na ya 1921 iko tele. Kinachozitofautisha, mbali na mwaka, ni herufi S ndogo sana, ya San Francisco, iliyo kwenye ile ya 1893 upande wa nyuma, chini ya shada. Ndiyo sababu matapeli huchukua dola ya 1893 iliyotoka kwingine wakaibandika S, na mnunuzi makini haweki pesa mezani kabla ya kuikagua herufi hiyo kwa lenzi.

Uchache nao hausomwi kwenye takwimu za kiwanda peke yake. Sheria ya Pittman ya Marekani ya mwaka 1918 ilifanya dola za fedha zaidi ya milioni 270 ziyeyushwe. Cha kuangalia ni zilizosalia, na zilizosalia katika hali nzuri.

Umri pia hudanganya. Thaler, sarafu kubwa ya fedha, ya Maria Theresa, mtawala wa Austria, imeandikwa 1780, na anayeipata kwenye sanduku la babu huamini amepata utajiri. Malkia huyo alikufa mwaka huohuo wa 1780, lakini sarafu iliendelea kutengenezwa kwa tarehe ileile, kwa kuwa wafanyabiashara wa Ethiopia na pwani za Bahari ya Shamu waliiamini hiyo na si nyingine. Nyingi zilizopo ni za baadaye sana, na bei yake haiendi mbali na bei ya madini.

Kisha kuna hali ya sarafu. Wapimaji hutumia ngazi ya Sheldon, kuanzia 1 hadi 70, na ngazi moja au mbili juu huweza kuzidisha bei mara kadhaa. Hapa nasisitiza: usiisugue. Weusi wa fedha huletwa na salfa iliyomo hewani, na wakusanyaji wengi huupenda. Dawa ya meno na kitambaa huondoa mng'ao wa asili na kuacha mikwaruzo, na mng'ao huo haurudi.

Sasa sarafu za mapambo: zilizopakwa rangi, zilizochovywa dhahabu, zenye picha za wanyama au watu mashuhuri, kwenye kisanduku cha mahameli pamoja na cheti. Sehemu kubwa ya bei yake ni kisanduku na matangazo. Sarafu ya kawaida iliyopakwa rangi na muuzaji binafsi baada ya kutoka kiwandani huhesabiwa na wakusanyaji kuwa imeharibiwa. Kampuni ya Franklin Mint ya Marekani iliuza seti nyingi za medali za fedha katika miaka ya 1970. Leo nyingi hununuliwa kwa bei inayokaribia ya madini. Angalau hizo zina fedha. Zilizochovywa tu hazina hata hicho cha kuangukia, na "fedha ya Kijerumani" ni mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki, bila fedha hata chembe.

Ukiipenda picha, nunua kwa ajili ya picha. Ila kabla ya kulipa bei ya fedha, tafuta alama ya 999 au 925 (sehemu za fedha safi katika kila elfu), kisha ipime, kwa maana alama pia hughushiwa. Sumaku haitoshi, kwani mchanganyiko wa shaba na nikeli nao kwa kawaida haunasi. Mizani na rula husaidia zaidi: sentimita moja ya ujazo ya fedha safi ina gramu 10.5, ya shaba na nikeli huwa karibu na 8.9, hivyo ya bandia yenye upana na unene uleule itakuwa nyepesi.