Je, wajua? Mediterania huwa na joto zaidi mwisho wa Septemba kuliko siku ya mchana mrefu wa Juni

Kila mwaka, karibu tarehe 21 Juni, nusu ya kaskazini ya dunia hupata mchana mrefu kuliko siku nyingine yoyote. Mjini Athene jua hukaa angani kwa karibu saa 15. Miezi mitatu baadaye, karibu tarehe 23 Septemba, mchana na usiku hulingana, na jua la adhuhuri limeshateremka sana. Mtu angetarajia bahari nayo iwe imepoa. Kumbe maji ya pwani ya Ugiriki huwa na joto zaidi mwishoni mwa Septemba kuliko siku ile ya mchana mrefu. Barcelona ni hivyohivyo, na Lisbon, iliyo kwenye Atlantiki, vilevile.

Kwa anayepanga safari ya meli ya kitalii Ulaya, jambo hili linabadilisha karibu kila uamuzi, maana swali la "niende mwezi gani?" hubeba ndani yake dhana kwamba joto hufuata jua papo hapo. Kwa dhana hiyo kilele cha majira ya joto ni Juni na Julai, na kadiri unavyosogea mbali na kilele, mbele au nyuma, ndivyo mambo yanavyopoa kwa kiwango kilekile. Ndiyo maana Mei na Septemba huhesabiwa kuwa miezi pacha: bei zao hukaribiana, na matangazo ya safari huiweka yote miwili katika fungu la msimu wa kati. Anayechagua Mei hudhani anapata Septemba iliyotangulia.

Sivyo hata kidogo. Jua la katikati ya Mei hufika juu angani karibu sawa na la mwishoni mwa Julai, kwa kuwa tarehe hizo mbili ziko umbali unaokaribiana kutoka 21 Juni, moja kabla na nyingine baada. Lakini pwani ya Krete, kisiwa cha kusini mwa Ugiriki, maji ya katikati ya Mei huwa na nyuzi joto 20 hivi, na ya mwishoni mwa Julai hufika 25 au zaidi. Tofauti huwa kubwa zaidi ukilinganisha 20 Machi na 23 Septemba. Siku hizo mbili jua hupita njia ileile angani na mchana ni wa urefu uleule. Machi bahari ya Krete ina nyuzi 16 hivi. Septemba ina 25. Jua ni moja, na maji yametofautiana kwa nyuzi tisa.

Kuna dhana nyingine iliyo nyuma ya hii, nayo ni kongwe zaidi: kwamba majira ya joto huja kwa sababu dunia imesogea karibu na jua. Dunia huwa mbali zaidi na jua mwanzoni mwa Julai, umbali wa takriban kilomita milioni 152, na huwa karibu zaidi mwanzoni mwa Januari, takriban milioni 147, wakati theluji inaanguka Ulaya. Kinachofanya kazi ni mwinamo wa dunia. Julai nusu ya kaskazini imeinamia jua, miale inashuka wima zaidi na mchana unarefuka. Mwinamo unaeleza ni lini nishati nyingi inaingia baharini, lakini hauelezi ni lini bahari inakuwa na joto zaidi. Watu wengi huyachanganya mambo haya mawili, na wasomaji wa pwani ya Afrika Mashariki wana sababu ya ziada: Dar es Salaam tofauti kati ya mchana mrefu na mfupi wa mwaka haifiki saa moja, na joto la bahari hupanda na kushuka kwa nyuzi chache tu. Kwetu majira hutambulika kwa mvua na pepo. Hatujazoea bahari inayobadilika kwa nyuzi kumi ndani ya mwaka mmoja.

Ili kuona kwa nini bahari huchelewa, fikiria tangi la maji juu ya nyumba. Pampu inaingiza maji, na chini kuna bomba linalotoa. Bomba hili lina tabia moja muhimu: tangi likiwa karibu tupu hutoa maji polepole, na kadiri maji yanavyopanda, shinikizo huongezeka na bomba hutoa kwa nguvu zaidi. Sasa pampu inaanza kazi kidogo kidogo, inafika nguvu yake ya juu kabisa, kisha inapungua taratibu. Maji ndani ya tangi yatakuwa juu zaidi lini? Wengi hujibu: pampu inapokuwa na nguvu kuliko wakati wote. Lakini wakati huo maji bado yanapanda, na yanapanda haraka. Hata pampu ikianza kupungua, maadamu inaingiza zaidi ya kile kinachotoka, tangi linaendelea kujaa. Kilele hufika pale kinachoingia na kinachotoka vinapolingana. Na pampu ikishazidiwa, tangi haliwi tupu mara moja. Lina akiba ya wiki nyingi.

Pampu ni jua, na maji ndani ya tangi ni joto la bahari. Bomba ni njia ambazo bahari hupoteza joto: mvuke unaopanda, mionzi isiyoonekana inayorudi angani, na upepo baridi unaopita juu ya maji. Juni pampu iko kwenye nguvu yake yote, lakini tangi limetoka kwenye baridi na bado lina nafasi kubwa. Julai linaendelea kujaa. Mediterania hufika kileleni Agosti, miezi miwili hivi baada ya siku ya mchana mrefu. Tarehe 15 Agosti 2024 watafiti wa Barcelona walipima joto la uso wa bahari hiyo yote, wakapata kiwango cha kati cha karibu nyuzi 28.9, cha juu kuliko walivyowahi kurekodi. Kwa sababu hiyohiyo bahari haipoi zaidi Desemba, wakati jua ni dhaifu kabisa, bali Februari na Machi.

Kwa nini basi nchi kavu haicheleweshi joto kiasi hicho? Kwa sababu tangi lake ni dogo. Kupasha kilo moja ya maji kwa nyuzi moja kunahitaji nishati ya mara nne au tano ya ile inayohitajika kwa kilo moja ya mwamba. Tena jua haliwezi kupenya mwamba. Hupasha ngozi yake tu. Ndani ya bahari mwanga hupenya mita nyingi, na upepo na mawimbi huchanganya maji ya juu na ya chini, kwa hiyo kinachopashwa ni tabaka zima. Mita tatu za juu za bahari zote za dunia zina uwezo wa kubeba joto unaolingana na wa hewa yote iliyo juu yetu hadi mwisho wa angahewa. Hilo linanishangaza kila nikilitafakari.

Ukubwa wa tangi ndio pia unaotenganisha bahari moja na nyingine. Kaskazini mwa Bahari ya Adriatiki, mbele ya miji ya Venice na Trieste ya Italia, maji ni ya kina kifupi, wastani wa mita 35 hivi. Hupata joto upesi na kulipoteza upesi. Mashariki ya Mediterania, kuzunguka Krete, Rhodes na Saiprasi, kina ni cha maelfu ya mita, na Oktoba bado watu wanaogelea kwa raha. Baltiki, bahari ya kaskazini mwa Ulaya, ina kina cha wastani wa mita 55 tu, na jua lake la vuli ni dhaifu sana, kwa hiyo akiba yake huisha mapema: maji ya Septemba kwa ujumla yana joto zaidi kidogo kuliko ya Juni, lakini pengo ni dogo, na si bahari ya kufuata kwa ajili ya kuogelea mwezi wowote. Anayekwenda Stockholm, Tallinn na Helsinki anafuata mwanga, na kwa mwanga Juni haina mshindani.

Upepo nao una ratiba yake. Katikati ya Julai na Agosti Bahari ya Aegean, iliyo kati ya Ugiriki na Uturuki, hupigwa na upepo wa kaskazini ambao mabaharia wa huko huuita meltemi. Anga huwa safi, jua linawaka, na bado bahari imechafuka. Kisiwa cha Santorini hakina gati la meli kubwa. Meli hubaki katikati ya ghuba na abiria hupelekwa ufukweni kwa boti ndogo. Upepo ukizidi, boti haziendi, na nahodha anaweza kuamua kukipita kisiwa chenyewe. Upepo huohuo husukuma maji ya juu mbali na pwani za mashariki ya Aegean, na maji baridi ya chini yakapanda kuchukua nafasi yake, hivyo kuzunguka visiwa vya Samos na Ikaria maji yanaweza kuwa baridi kuliko majirani zake katikati kabisa ya majira ya joto.

Asili ya meltemi inamgusa mtu wa pwani yetu moja kwa moja. Majira hayo bara la Asia limepata joto kali na hewa juu yake imekuwa nyepesi, kuanzia India hadi Uturuki. Kusini mwa ikweta hewa huvutwa kuelekea huko, nasi tunaipata kama kusi, upepo uliosukuma majahazi kutoka Zanzibar na Lamu kwenda Arabuni na India kwa karne nyingi. Upande wa Aegean, hewa nzito ya Balkani huteremka kuelekea eneo hilohilo la hewa nyepesi lililofika Uturuki. Miezi ambayo kusi linavuma Lamu ndiyo miezi ambayo boti za Santorini huzuiwa na upepo, na eneo moja kubwa la Asia linachangia kuzivuta pepo zote mbili. Septemba ikisonga mbele, Asia inapoa na meltemi inalegea. Bahari inatulia wakati maji yake bado yana joto la Agosti.

Hapo ndipo ningempeleka mtu anayetaka kuogelea na kutembea magofu kwa safari moja: Aegean ya kusini, kuanzia katikati ya Septemba hadi siku za mwanzo za Oktoba. Nchi kavu imeanza kupoa, kwa kuwa tangi lake ni dogo, na bahari haijapoa. Akropoli ya Athene, ambayo imewahi kufungwa saa za mchana katika mawimbi ya joto kali, Julai 2023 na Juni 2024, hupandika bila mateso.

Lakini joto lililohifadhiwa lina upande wake mgumu, na ni lazima lisemwe. Bahari yenye joto hutoa mvuke mwingi, na hewa baridi ya vuli ikishuka juu yake, mvuke huo hugeuka mvua kubwa. Septemba 2020 dhoruba iliyopewa jina Ianos, yenye umbo la kimbunga cha tropiki, ilipiga visiwa vya Ugiriki vya Kefalonia, Ithaca na Zakynthos. Tarehe 29 Oktoba 2024 mvua ya jimbo la Valencia, Hispania, ilileta mafuriko yaliyoua zaidi ya watu 200. Haya si mambo ya kila mwaka mahali pamoja, na meli huweza kukwepa dhoruba inayotabiriwa. Hata hivyo, kadiri Oktoba inavyozeeka, hasa magharibi mwa Mediterania, ndivyo siku za mvua zinavyoongezeka. Venice hupata maji ya kujaa mitaani zaidi kati ya Oktoba na Januari. 12 Novemba 2019 yalifika sentimita 187 juu ya kiwango kinachotumika kupimia bahari huko (si kina cha maji mitaani), na tangu Oktoba 2020 mji unalindwa na malango yanayoinuliwa kwenye milango ya wangwa wake.

Norwe huhitaji hesabu tofauti, kwa sababu kinachochelewa huko ni theluji. Baridi ya majira yaliyopita hukaa juu ya milima hadi Mei, kisha huyeyuka, na maporomoko ya Geirangerfjord, yakiwemo yale yaitwayo Dada Saba, huwa na maji mengi Mei hadi Julai. Mwisho wa Agosti mengine hubaki uzi mwembamba. Anayetaka mianga ya kijani inayocheza angani asiende miezi hiyo: Tromsø jua halizami kabisa kuanzia karibu 20 Mei hadi 22 Julai, na mianga hiyo haionekani bila giza. Giza la kutosha hurudi Septemba, na kuzunguka tarehe za usiku na mchana kulingana, mianga huelekea kuwa mingi zaidi.

Safari za mito, kama Danube na Rhine, hazina tangi la kuzilinda. Juni 2013 Danube ilijaa Passau, Ujerumani, kuliko ilivyowahi kujaa tangu 1501. Agosti 2022 ilipungua hadi mabaki ya meli za kivita za Kijerumani zilizozamishwa 1944 yakajitokeza karibu na Prahovo, Serbia.

Kwa mwenye pasipoti ya Kenya au Tanzania kuna kalenda moja zaidi. Ombi la viza ya Schengen, viza moja ya nchi nyingi za Ulaya, hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na si chini ya siku 15 kabla yake, hivyo anayelenga katikati ya Septemba anaweza kuanza katikati ya Machi. Aangalie ramani ya njia kabla ya kujaza fomu. Meli nyingi za Aegean hutia nanga Kuşadası ili abiria waone magofu ya Efeso, na hiyo ni Uturuki, nje ya Schengen. Ili kurudi Ugiriki siku inayofuata anahitaji viza inayoruhusu kuingia zaidi ya mara moja.