Lengo likae kichwani kwako, mchezo ukae mikononi mwa mtoto

Swali ninaloulizwa kuliko yote na wazazi wenye watoto wa miaka mitatu mpaka mitano ni hili: "Mwalimu, kutwa nzima anacheza tu, ataanza kusoma lini?" Na jibu langu ni lilelile kila siku, ameshaanza. Sema tu tumezoea kwamba kusoma ni mtoto kukaa chini, daftari mbele, penseli mkononi, anarudia a e i o u mpaka macho yanamlegea, na hicho kikikosekana tunaona siku imeenda bure. Nimefundisha watoto wa umri huu miaka mingi na siku hizi kazi yangu kubwa ni kukaa na wazazi majumbani mwao, tunamwangalia mtoto anavyocheza halafu tunapanga. Leo nataka niongelee hapo kwenye kupanga, maana ndipo wengi tunapoteleza.

Kuna mzazi anayesema sawa, nimekubali mchezo ni elimu, basi anamwagia mtoto rundo la midoli sebuleni na yeye anaendelea na mambo yake mpaka jioni. Halafu kuna mwingine, huyu ndiye ninayekutana naye zaidi, anauchukua mchezo na kuugeuza mtihani: "Haya tucheze! Hii rangi gani? Na hii? Hapana, angalia vizuri, hii?" Mtoto wa miaka mitatu hachukui dakika mbili kugundua kwamba hapa nahojiwa, anainuka anaondoka zake, na mama anabaki anasema mtoto wangu hatulii. Anatulia sana, ila mchezo wake umechukuliwa.

Ninavyofanya mimi, lengo nakaa nalo mwenyewe kichwani. Najua kwa nini leo nimeweka beseni la maji, vikombe vitatu vya ukubwa tofauti na chupa moja ndefu nyembamba. Mtoto hajui na wala hana haja ya kujua, yeye anamimina. Na kwenye kumimina huko kuna hesabu nzito kuliko wengi wanavyodhani. Jean Piaget, yule mtaalamu wa Uswisi aliyetumia maisha yake kuchunguza watoto wanavyofikiri, alionyesha kwamba ukimimina maji kutoka kikombe kipana kwenda kwenye chombo chembamba, mtoto anakuangalia kabisa, wa miaka minne atakuambia maji yameongezeka, na watoto wengi hukaa hivyo mpaka karibu miaka sita au saba. Mtoto huyo si mjinga, anaangalia urefu peke yake, bado hajaweza kushika urefu na upana kwa wakati mmoja. Ukimsahihisha atakariri jibu lako ili ufurahi na kesho atasema yaleyale. Ukimwacha amimine mara hamsini, arudishe, amwage, ajaze tena, na wewe ukauliza tu mara moja "hivi tukiyarudisha kule yatafika wapi?", hapo kichwa kinafanya kazi. (Maji na mtoto mdogo usiondoke hata dakika moja, hata kama beseni ni dogo. Na vizibo, shanga, mawe madogo, mtoto ambaye bado anatia kila kitu mdomoni asipewe.)

Kuna utafiti mmoja wa 2011 kutoka Marekani huwa nawasimulia wazazi wote. Watafiti walitengeneza mdoli wenye mambo kadhaa yaliyofichwa, ukivuta hapa unalia, ukibonyeza kule taa inawaka na kadhalika. Watoto wengine walionyeshwa jambo moja kama mwalimu anavyofundisha, "angalia, huu unafanya hivi", wengine wakaona jambo hilohilo limetokea kama kwa bahati tu. Waliofundishwa wakang'ang'ania lile moja walilofundishwa, na wale wengine ndio waliopekuapekua zaidi na kugundua mengine. Sasa haina maana tusifundishe, mimi mwenyewe ni mwalimu. Ina maana ukiwahi sana kuonyesha unafunga mlango ambao mtoto alikuwa anataka kuufungua mwenyewe. Kwa hiyo unapomletea kitu kipya kaa kimya kwanza. Najua ni ngumu. Kwangu hii ndiyo sehemu ngumu kuliko zote, mikono inawasha, unataka kusema "siyo hivyo, hivi", na inabidi uhesabu mpaka kumi kimoyomoyo.

Na ukifungua mdomo usianze na swali, sema unachokiona. "Naona umeweka kikubwa chini." "Aisee, huu mnara umekushinda kimo." Mtoto anasikia maneno ya ukubwa, kimo, chini, juu, yakiwa yamekaa kwenye kitu anachokishika, na yeye mwenyewe ataanza kukueleza. Swali moja zuri linaweza kuja baadaye.

Nikupe mfano wa mtoto mmoja wa miaka minne na nusu, simtaji jina. Huyu alikuwa na magari tu. Asubuhi magari, jioni magari, karatasi hataki kuiona, ukileta kalamu za rangi anazikimbia, na mama yake alikuwa ameanza kuyaficha yale magari ili mtoto "ashike masomo". Nikamwomba ayarudishe yote. Tukachukua tepu tukachora maegesho sakafuni, vyumba sita tu, hatukusema neno. Alikuja, akaangalia, akaanza kuegesha. Siku ya pili magari yakawa saba na maegesho sita, akakaa pale anafikiri, akasema "hili halina nyumba". Hapo ameshalinganisha kila gari na chumba chake na amegundua kuzidi, hakuna aliyemfundisha. Siku ya tatu tukaweka ubao umeegemea kochi, akaanza kuteremsha magari, akagundua ukiinua ubao gari linakimbia mbali, na akaanza kupima kwa hatua za miguu. Baada ya wiki alikuwa anagombana na dada yake nani aegeshe wapi, akamwambia mama yake andika hapa ni kwangu. Mama akataka kuandika, nikamkonyeza, akampa tepu na kalamu mtoto mwenyewe. Akaandika 5, imegeuka kinyume, na akaipigania ile 5 siku nzima. Huyo ndiye aliyekuwa hataki kalamu.

Kugeuza namba na herufi kwa umri huo ni kawaida kabisa, usimfutie. Na kama penseli bado inamsumbua jua kwamba kifundo cha mkono kina mifupa midogo minane na kwa mtoto wa miaka minne mingine bado ni gegedu, haijakomaa kuwa mfupa. Kumkalisha ajaze ukurasa mzima wa herufi "a" ni kuuchosha mkono ambao bado unajengwa. Mpe udongo wa kufinyanga, vibanio vya nguo abane ukingoni mwa boksi, mkasi butu akate magazeti, sponji akamue maji. Vidole vikipata nguvu, penseli itashikwa vizuri.

Kuhesabu sasa. Wazazi wengi hujivunia "wangu anahesabu mpaka ishirini", na kweli anaimba mojambilitatunne kama neno moja refu. Jaribu hivi, weka vizibo kumi mezani umwambie nipe vinne. Wengi watakupa konzi nzima. Wanasaikolojia Rochel Gelman na C. R. Gallistel walilichambua jambo hili mwaka 1978, kwamba kuhesabu kuna mambo kadhaa ndani yake: kila kitu kipate namba moja tu, mpangilio wa namba usibadilike, na namba ya mwisho uliyoitaja ndiyo jumla. Hilo la mwisho ndilo linalochelewa, na wimbo hauwezi kulileta, linaletwa na kugawa. Wagawie wanasesere viti, wagawie sahani za kuchezea, kila mmoja moja. Na Kiswahili kinatusaidia hapa, maana ukihesabu vitu halisi namba inabadilika na kitu chenyewe, vizibo vitatu, mawe matatu, wanasesere watatu, halafu sita, saba, tisa na kumi hazibadiliki. Watoto hulikamata hili kwa masikio kwenye mchezo, huwezi kumweleza wa miaka minne kwa maneno.

Mchezo wa namba ninaoupenda kuliko yote ni wa njia iliyonyooka. Chora miraba kumi kwenye ubao wa boksi, andika 1 mpaka 10 kutoka kushoto, kila mmoja na kizibo chake, mnazungusha au mnarusha kete yenye 1 na 2 tu. Sharti ni moja, unataja namba unayoikanyaga, ukiwa kwenye 4 na umepata 2 unasema "tano, sita", siyo "moja, mbili". Wanasaikolojia Geetha Ramani na Robert Siegler waliufanyia utafiti mchezo wa namna hii, wakauchapisha 2008, na vipindi vinne vifupi ndani ya wiki mbili viliwasaidia watoto wa awali kuzijua namba vizuri zaidi, wakati waliocheza mchezo uleule wenye rangi badala ya namba hawakupata faida hiyo. Vipindi vinne tu! Boksi na kalamu.

Kwenye kusoma mimi naanza na masikio kabla ya herufi. Tunapiga makofi kwa silabi, pa-ka makofi mawili, ki-pe-pe-o manne, na watoto wanacheka sana kwenye jina lao wenyewe. Angalia mtoto atakavyopiga "mtu", wengi watapiga mawili, m-tu, na yuko sahihi, usimwambie ni moja. Halafu tunawinda, nani ataniletea kitu kinachoanza na "ki", huyo anakuja na kiti, mwingine kikombe, mwingine kiatu chako unachokitafuta tangu jana. Vitendawili navyo, acha wakutegee hata kama jibu halieleweki, kutunga kitendawili kibovu kunataka akili nyingi. Mtoto akifika hapo ndio namwonyesha ki inavyoandikwa, na anaishika haraka maana sauti yake ameshaizoea.

Michezo ya kujifanya usiiguse sana. Lev Vygotsky, mwanasaikolojia wa Kirusi aliyefariki 1934, aliona kwamba fimbo ikiwa farasi mtoto anajifunza kutenganisha kitu na maana yake, na ukifikiri vizuri herufi ni hivyohivyo, mchoro uliobeba kitu kingine. Na akijifanya dokta lazima afuate masharti ya udokta, asubiri mgonjwa aongee, aandike dawa, asikimbie ovyo. Mtoto asiyeweza kukaa dakika tatu ukimwamuru atakaa kumi na tano akiwa dokta. Wewe ukialikwa kuwa mgonjwa ugua kweli, na umuulize yeye ugonjwa wako unaumaje.

Vitu vya kuchezea viwe vichache. Naliona hili kila nyumba, kapu limejaa mpaka juu na mtoto analalamika hana cha kucheza. Toa vitano sita, vingine ficha, badilisha baada ya wiki moja au mbili. Na vinavyoweza kuwa chochote vinashinda vyenye kitufe kimoja: maboksi, vitambaa, vizibo, vipande vya mbao. Friedrich Froebel, Mjerumani aliyeanzisha chekechea mwaka 1837, alianza na mipira ya sufu na maumbo ya mbao, mpaka leo sijaona kifaa cha betri kilichovizidi vipande vya mbao.

Mambo mawili ya harakaharaka maana mnayauliza sana. Kama watoto wawili wa miaka mitatu wamekaa pamoja kila mmoja na lake, hawajagombana na hakuna mwenye tatizo, mtafiti Mildred Parten aliuandika mchezo huo wa sambamba tangu 1932. Na kuhusu skrini, Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilisema mtoto wa miaka 3 na 4 isizidi saa 1 kwa siku na ikipungua ni bora zaidi, huku mwili unatakiwa kuchangamka walau dakika 180 kwa siku, kati ya hizo 60 ziwe za kuhema hasa.

Zawadi je? Naombeni sana msiahidi zawadi kwa mchezo. Mwaka 1973 watafiti waliwaahidi watoto waliokuwa wanapenda kuchora kwamba wakichora watapewa cheti kizuri chenye utepe. Wakachora, wakapewa. Siku kadhaa baadaye walipoachwa huru, muda wao wa kuchora ulikuwa kama nusu ya wale ambao hawakuahidiwa kitu. Mchezo ulikuwa wao ukageuka kibarua. Badala ya "hongera, utapata" sema "nieleze ulivyofanya", halafu sikiliza mpaka mwisho hata kama hadithi inazunguka.

Kitu cha mwisho ninachowaachia wazazi ni daftari, la mzazi siyo la mtoto. Jioni unaandika mistari miwili au mitatu, alifanya nini, alisema nini, kesho niweke nini. Mama wa yule mtoto wa magari aliandika hivi siku moja: "Amepanga magari kwa urefu. Amesema hili limelizidi hili kidogo. Kesho nimwekee kamba." Nilipofika asubuhi kamba ilikuwa sakafuni, na mama amekaa kochini, kimya, anasubiri.