Kumsamehe mzazi si kunyamazia kosa lake

Wakristo wengi wamelelewa wakiamini kwamba anayemsamehe mzazi au mkubwa wake hapaswi kulitaja kosa tena, kwa kuwa amri inasema "Waheshimu baba yako na mama yako". Imani hiyo imezaliwa na heshima ya kweli, lakini Maandiko yanasema zaidi ya hapo.

Amri yenyewe, Kutoka 20:12, inadai heshima. Haisemi kwamba mkubwa hakosei. Waefeso 6 inairudia, kisha mstari wa 4 unawageukia akina baba: wasiwachokoze watoto wao. Na 1 Timotheo 5:1 inakubali mzee aonywe, ila asikemewe, aonywe kama baba.

Mtazame Yusufu. Kaka zake wakubwa walimuuza kwa vipande 20 vya fedha. Walipokuja Misri kununua nafaka hakujitambulisha upesi. Aliwapima kwanza, huku akijitenga kulia. Hata baba yao alipokwisha kufa, aliwaambia waziwazi "mlinikusudia mabaya" (Mwanzo 50:20), kisha akaahidi kuwalisha wao na watoto wao. Kwangu uzito uko hapo hasa: kosa limetajwa, kisasi kimeachwa. Wala kusamehe hakumlazimu mtu kurudi mahali anapoumizwa.

Na ile "samehe na usahau"? Fungua itifaki ya Biblia, yaani kitabu kinachoorodhesha maneno ya Biblia na mistari yalimo, uitafute; hutaikuta kama amri. Ukinukuliwa mstari mmoja, soma sura nzima, kisha linganisha tafsiri mbili.