Umeng'atwa na nyoka? Acha kamba, njoo: maswali na majibu kutoka Tabora

Mvua zikianza huku Tabora, watu wanaingia kwenye tumbaku na mahindi, na mimi naanza kupokea wagonjwa wa nyoka. Karibu wote wanafika wamefungwa mguu au mkono, ili sumu isipande. Mpira wa baiskeli, kitenge kilichochanwa, kamba ya katani, hata waya wa chaja ya simu. Haya ndiyo maswali ninayoulizwa na ndugu wanaowaleta.

Daktari, ni nyoka gani wanaotuumiza huku?

Kifutu kwanza, ambaye wengine humwita moma au bafe. Mfupi, mnene, analala kwenye majani makavu na hakimbii mtu akija, ndiyo maana anakanyagwa. Sumu yake inavimbisha, inatoa malengelenge na kuozesha nyama. Koboko yeye analegeza misuli: kope zinashuka, mate hayamezeki, mwishowe pumzi inakata. Swila hutema machoni, na akiuma naye huozesha nyama. Akikutemea, osha jicho kwa maji mengi na usilisugue.

Kwa nini unakataza kamba? Si inazuia sumu isipande moyoni?

Haizuii. Naomba nieleweke hapa hata kama mengine yote mtayasahau: kamba inaichelewesha sumu tu, haiizuii; inachozuia ni damu. Mguu usiopata damu unakufa, awe nyoka ameuma au hajauma.

Tena kwa kifutu, sumu inaozesha nyama palepale ilipoingia. Ukifunga, umeifungia pamoja na nyama ileile na kuiacha ifanye kazi.

Nililetewa kijana wa miaka 14 aliyeng'atwa kwenye kifundo cha mguu asubuhi, akichukua kuni karibu na bani la kukaushia tumbaku. Alifungwa mpira wa baiskeli chini ya goti, mizunguko minne. Alifika kesho yake jioni. Mpira ulikuwa umezama kwenye ngozi hata hauonekani, ilibidi niutafute kwa kidole. Vidole vya mguu vilikuwa vyeusi na baridi kama chuma cha asubuhi. Nilibonyeza kucha ya kidole gumba nikaachia, nikasubiri damu irudi. Haikurudi. Tulimpa rufaa, na huko mguu ukakatwa. Kifutu alichangia, sikatai. Lakini kazi kubwa ilifanywa na ule mpira, na aliyeufunga ni baba yake, kwa mapenzi.

Kwa hiyo msifunge. Si kwa nguvu, si kidogo, si "mpaka tufike barabarani".

Na kama tumeshafunga?

Msiikate njiani. Sumu iliyocheleweshwa inaweza kuingia mwilini kwa mkupuo. Njooni nayo, haraka, tuifungue sisi tukiwa na dripu na dawa mkononi.

Mbona jirani yetu aliwekewa jiwe la nyoka akapona?

Alipona kwa sababu si kila nyoka anayeng'ata anaingiza sumu. Wapo wengi wanaong'atwa kwa meno matupu, na hao hupona kwa jiwe, kwa mizizi, au kwa kukaa tu chini ya mwembe. Lile jiwe jeusi ni mfupa uliochomwa. Linanata kwa sababu linafyonza majimaji ya jeraha. Sumu imeshapita zamani.

Huku Unyamwezini na Usukumani tunao wayeye, wazee wanaowajua nyoka kuliko mimi. Nawaheshimu, na ombi langu kwao ni moja: mtu akiletwa kwenu ameng'atwa, mpandisheni pikipiki aje. Kinachoniumiza ni jibu ninalopewa kila mara. Nauliza, ameng'atwa lini? "Juzi, daktari." Juzi! Kwa koboko hiyo juzi haipo. Mtu anaweza kuacha kupumua ndani ya saa chache.

Chale za wembe, kunyonya, mafuta ya taa, shoti ya betri ya pikipiki: hapana kwa yote. Chale hasa. Sumu nyingine huzuia damu isigande, na wewe unamfungulia mabomba.

Basi tufanye nini?

Mtoeni pale nyoka alipo, alale, atulie. Vueni pete, bangili, shanga na viatu kabla uvimbe haujafika. Mguu au mkono ufungeni kijiti kama aliyevunjika, kwa kitambaa kisichobana, usitikisike. Asitembee. Kwenye bodaboda akae katikati, mtu amshike nyuma. Akitapika au akilegea, mlazeni ubavu wa kushoto. Kwa maumivu mpeni panado, msimpe aspirini wala diklofenaki. Kama kuna kalamu, chora mwisho wa uvimbe na uandike saa. Mstari huo unanisaidia kuliko maelezo ya watu kumi.

Nyoka msimlete. Kichwa kilichokatwa bado kinaweza kung'ata. Picha ya simu, kwa mbali, inatosha.

Mbona tukifika mnamkalisha tu bila sindano?

Hatujamsahau. Tunachukua damu kidogo, tunaiweka kwenye chupa safi ya kioo na kuiacha dakika 20 bila kuigusa. Kisha tunaiinamisha. Ikimwagika kama maji, haigandi, na hapo tunajua sumu imeingia kwenye damu. Dawa ya sumu ya nyoka yenyewe inaweza kuleta mzio mkali, ndiyo maana hatumpi kila mtu na anayepewa hatumwachi peke yake. Mtoto anapewa kiasi kilekile cha mtu mzima, msishangae: nyoka hakumpunguzia sumu kwa kuwa ni mdogo.

Na mtu aking'atwa na mbwa je?

Osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 kamili ukiangalia saa, kisha njoo siku hiyohiyo uanze chanjo. Usipake pilipili wala majivu. Dalili za kichaa cha mbwa zikishaanza, karibu kila mgonjwa anakufa, hata afikishwe hospitali kubwa namna gani.

Zahanati yetu haina dawa ya nyoka. Tupoteze muda kwenda huko?

Si kila zahanati inayo, kweli, na ni dawa ya gharama. Ulizeni sasa, kabla mtu hajaumwa, ni kituo gani cha karibu kinacho, na muwe na namba ya simu ya kituo hicho na ya bodaboda anayetoka usiku. Siku ikitokea, mmoja apige simu wakati wengine wanampakia mgonjwa. Kama koboko ndiye anayeshukiwa, lisemeni hilo kwenye simu, tuandae oksijeni.